Wake Wanaonong'ona

Baba aliacha kuitikia shikamoo yangu nilipokuwa na miaka kumi na moja. Sikujua nimemkosea nini. Kila asubuhi nilipiga goti mbele ya kigoda chake, kichwa chini, sauti ya chini kama mama alivyonifundisha, nikasema shikamoo baba, naye akaendelea kunywa uji wake kana kwamba aliyepita ni kuku. Nikadhani amenichukia. Mtoto akidhani amechukiwa na baba yake, naye huanza kuchukia, na mimi nilianza mapema na kwa bidii.

Tuliishi kijiji kimoja jirani na Bugarama, kwenye safu ya nyumba za bati ambazo wote walioishi humo walikula kwa karasha. Karasha ni pipa kubwa la chuma linalozungushwa na mota. Ndani yake wanatia mawe ya dhahabu pamoja na mipira ya chuma, pipa linazunguka mpaka mawe yawe unga. Kama hujawahi kusimama karibu nalo, ingiza kichwa chako kwenye sufuria, halafu mwambie adui yako aipige kwa nyundo kuanzia alfajiri hadi magharibi. Baba alisimama pale miaka kumi na minne. Hakuziba masikio hata siku moja. Wanaume wa karasha walisema anayeziba masikio anaiogopa mashine, na tena, akiziba atajuaje kama mawe yamesagika? Wao walijua kwa kusikiliza. Mawe yakiwa bado makubwa, pipa linagonga kavukavu. Yakishakuwa unga, mlio unazama, unakuwa mzito. Baba alikuwa bingwa wa hilo. Watu walisema ana masikio ya paka. Ya paka! Ningecheka, kama aliyeyalipia masikio hayo asingekuwa mama yangu.

Mama ni mtu wa Songwa, kule Kishapu, na alilelewa na bibi yake kwa adabu za zamani. Mke haongei na mumewe kwa kupandisha sauti. Akimpelekea maji ya kunawa anapiga goti, macho chini, maneno yanamtoka polepole kama anayemwamsha mgonjwa. Mwanamke mwenye sauti kubwa kwetu husemwa kwamba hakufundwa, na anayesemwa hasa ni mama yake aliyemzaa. Sasa wewe fikiria mwenyewe. Huku mwanamume ambaye masikio yake yamekwanguliwa na chuma, huku mke ambaye adabu yake yote ni kutosikika. Na kichwa ameinamisha, hata mdomo hauonekani vizuri.

Alichokiona baba ni midomo inayocheza.

"Unasema nini chinichini?" aliuliza. "Unanisema?"

Mama akajibu kwamba hajasema kitu, amemkaribisha chakula tu. Akajibu kwa sauti ya chini zaidi ya ile ya kwanza, maana mume akikasirika, mke aliyefundwa hushusha sauti. Basi kofi likamkuta pale pale, na maji ya kunawa yakamwagika. Hicho ndicho kilikuwa chakula chetu cha jioni kwa miaka.

Mimi na kaka yangu hatukuwa malaika. Tulikuwa na mchezo wetu: tunasimama nyuma ya baba, hatua mbili tu, tunasema kwa sauti nyembamba, "Baba ana kichwa kama boga." Hageuki. Tunaongeza tusi. Hageuki. Tukishindwa kujizuia tunacheka mpaka tunashikana, yeye anageuka akituona mabega yanatikisika, na anayepigwa ni mama, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu na kwa kuwa ndiye aliyetuzaa. Tuliuona uhusiano huo kati ya kicheko chetu na mgongo wake. Tuliuona kabisa, na mchezo tukaendelea nao. Leo nikiukumbuka natamani kujizaba makofi mwenyewe.

Utasema, kwa hiyo mlijua kwamba ni kiziwi. Hapana. Kiziwi tuliyemjua sisi ni yule asiyesikia hata ngoma. Baba alisikia lori likiwa bado mbali, alisikia ngurumo, alisikia wenzake wakimwita ng'ambo ya barabara. Tulidhani anatupuuza. Tulidhani wanawake na watoto kwake ni upepo.

Na wenzake nao walikuwa hivyo hivyo, ndiyo balaa lenyewe lilipoanzia. Siku moja wakiwa wanapumzika, mmoja alisema mke wake siku hizi ananong'ona. Mwingine akaruka: hata wangu! Wa tatu akasema wa kwake akiulizwa ananong'ona zaidi. Kila mmoja alikuwa ameibeba aibu hiyo peke yake nyumbani, na sasa akaona kumbe wapo wengi, wakafarijika. Hakuna hata mmoja aliyewaza sikio. Wangewazaje? Wao kwa wao walisikilizana vizuri mno, sauti nzito, uso kwa uso, wakipiga kelele kama walivyozoea penye mashine. Kwa hiyo tatizo haliko kwao, liko kwa wanawake. Na huku kwetu mwanamke anayenong'ona peke yake akiwa amepiga goti, watu hawasemi anaomba. Wanasema anatamkia dawa, analoga.

Wa kwanza kufukuzwa alikuwa jirani yetu, mwanamke mpole kuliko hata mama. Mfanyakazi mmoja alivutwa mkono na mkanda wa mota, mkono ukakatika, na watu wakakumbuka kwamba jana yake yule mama alimpelekea mumewe uji pale kazini akawa anacheza midomo. Nyumba yake waliichoma na kuku wakiwa ndani. Aliondoka kwa miguu na mtoto mgongoni. Miezi miwili haikuisha, tukasikia amekatwa mapanga huko alikokwenda, kwa kuwa jina la uchawi husafiri haraka kuliko pikipiki. Muuza gongo wa mtaani kwetu, aliyemtukana mumewe matusi ya nguoni kila alfajiri mpaka mtaa wa pili, hakuna aliyemgusa. Yeye alisikika.

Nilipokua, mimi niliondoka. Nilikwenda Kahama nikapata kazi kwa fundi wa muziki: tunakodisha spika, maiki na mikseri kwenye harusi, misiba na mikutano ya injili. Nilianza kwa kubeba nyaya, baadaye nikakaa mwenyewe kwenye mikseri. Huko ndiko koo langu lilipofunguka. Ukifanya kazi kati ya spika nane huwezi kuongea kama mtoto wa Songwa. Nikirudi nyumbani kusalimia nilipiga kelele kama kondakta, na baba, ajabu, alianza kunijibu. Akawa anawaambia watu huyu binti amepata akili mjini. Mama aliona haya. Aliniambia kwa lile neno la Kisukuma la kumbembeleza binti, "Mayu, unampayukia baba yako kama unamfukuza ng'ombe shambani."

Bosi wangu alikuwa mzee mwema mwenye tabia moja mbaya: kila shughuli alipandisha twita, zile spika ndogo za mlio mwembamba, mpaka bibi harusi anakunja uso. Nikimwambia, "Bosi, zinachoma," anajibu, "Mbona naona zimefifia?" Siku moja nilichoka. Nilimkalisha kwenye kiti, nikawasha programu ya simu inayotoa mlio mmoja mmoja, kutoka mzito kwenda mwembamba. Hezi mia mbili, yaani mitikisiko mia mbili kwa sekunde, alisikia. Elfu moja alisikia. Elfu tatu akaniambia niongeze sauti. Nilipofika elfu nne mimi nilikuwa nimekunja shingo kwa maumivu, yeye akaniuliza, "Umeanza?"

Nilipomwambia mlio umeshapita, akasema, "Kwa hiyo nimewatesa watu." Akanieleza mambo aliyoyajua siku zote ila hakuwahi kujipimia mwenyewe. Sauti ni hewa inayotikiswa. Ikitikiswa polepole ni besi, ikitikiswa haraka ni mlio mwembamba. Ndani ya sikio mna vinywele, kila kimoja na mlio wake, na vya milio myembamba vimepangwa mlangoni, kama nyasi za mlango wa zizi: ng'ombe wote hupita hapo, wakubwa kwa wadogo, kwa hiyo hizo ndizo hukanyagwa zikafa kwanza. Za ndani zinabaki. Mtu wa hivyo husikia lori, husikia ngoma, husikia mwanamume mwenzake. Lakini maneno yanashikiliwa na vile vipande vyembamba, s na sh na f na t, ambavyo ni upepo tu. Na mnong'ono wote ni upepo. Sauti laini ya mwanamke aliyeinama, kwa mtu huyo ni mdomo tu unaofunguka na kufungika.

Nilisimama na waya mkononi, akilini nikamwona baba. Nakiri sikumhurumia hata chembe. Nilifurahi, kwa sababu shida ya mama ilikuwa na tiba, na tiba yenyewe ilikuwa kwenye simu yangu.

Wiki ile ile kaka alinipigia. Mota ya karasha ilikuwa imeungua, kazi imesimama, na wanaume wamekumbuka kwamba mama alipita pale na ndoo ya maji, midomo inacheza. Alikuwa akiwasalimia, maskini. Kikao cha wazee cha kumhukumu ni Jumapili. Kaka alikuwa analia kwenye simu, na kaka yangu si mtu wa kulia.

Nikamwomba bosi spika moja, mikseri ndogo na betri. Alinipa, ila akaniambia, "Usiende na spika. Nenda na daktari."

"Daktari ataongea kwa upole," nikamjibu. "Hawatamsikia."

Nilijiona nimesema jambo la maana sana.

Kikao kilifanyika pale pale kwenye banda la karasha, mashine ikiwa imezimika, wanaume wamekaa juu ya viroba vya mawe. Mwenyekiti alikuwa mwendeshaji mkongwe kuliko wote, mtu wa miaka ishirini na zaidi karashani. Wote walikuwa watu wa karasha isipokuwa mmoja, mwenye duka, aliyealikwa kwa kuwa ni mtu wa makamo na anaheshimika. Wanawake na watoto walisimama nje ya uzio. Mama alikuwa katikati, chini, miguu ameikunja, khanga ameifunga vizuri kama anakwenda kanisani. Baba alikaa na wenzake. Hakuwa upande wake hata kwa kiti.

Nilipiga shikamoo kwa maiki, wote wakaitikia marahaba, wameridhika kabisa. Nikawaambia wazee wangu, mama hana kosa, naomba dakika chache nithibitishe. Nitatoa milio, anayesikia anyanyue mkono, walio ndani na walio nje. Mwenyekiti akasema haya, tuone mambo ya mjini.

Mlio mzito: mikono yote juu, wanatabasamu kama watoto. Elfu moja: yote juu. Elfu mbili: mmoja akashusha, akaona wenzake bado, akapandisha tena. Elfu tatu: mikono ya ndani ikaanza kuanguka, ya nje imesimama vilevile. Nikapandisha mpaka elfu nne, kisha elfu sita, na kwa hasira niliyokuwa nayo nikaongeza sauti mpaka mwisho. Nilitaka wasipate pa kukimbilia. Nje ya uzio wanawake walipiga mayowe wakaziba masikio. Watoto walilia. Mbwa wa mwenyekiti alitoka nyuma ya kiroba akibweka, akakimbia mkia umeingia miguuni. Mama alijikunja akafunika kichwa kwa mikono miwili. Na wale wanaume walikaa, mikono juu ya magoti, wananitazama kwa subira.

"Umeanza?" akauliza mwenyekiti.

Jamani, nilishinda! Nilizima mlio nikapayuka kwenye maiki, "Mnaona? Mnaona wenyewe? Mama hanong'oni! Ni masikio yenu yamekufa! Karasha imeyaua!"

Hawakukasirika. Laiti wangekasirika. Mwenyekiti alifikiri, akaniuliza taratibu kama anayehesabu ng'ombe mlangoni.

"Unasema palikuwa na sauti hapa?"

"Ilikuwepo, mzee."

"Sisi hatukuisikia."

"Ndiyo ninachosema!"

"Wao wameisikia."

"Wameisikia wote!"

"Na mbwa."

"Na mbwa," nikasema, na neno likiwa bado mdomoni nikaona anakonipeleka.

Akawageukia wenzake. "Mmeona wenyewe. Kuna sauti ambayo mwanamume haisikii, mwanamke anaisikia, na mbwa anaisikia. Tulikuwa tunasema wananong'ona. Kumbe wana lugha yao kabisa."

Ukapita mguno. Sijawahi kuona wanaume wakielewa jambo upesi namna ile. Nikaanza kueleza vinywele, nikaeleza nyasi za mlangoni, nikaeleza hezi. Yule aliyekatwa mkono alikuwepo. Aliuinua ule mkono uliobaki kipande akauliza, "Na huu nao ni masikio?"

Hapo nikamkumbuka mwenye duka. Mlio ulipokuwa mwisho nilikuwa nimemwona, kwa macho yangu haya mawili: alikunja uso, mkono ukaenda sikioni. Kisha akatazama kulia, akatazama kushoto, akaona wanaume wote wametulia, na ule mkono ukageuka ukajikuna shingo. Nikamwelekea na maiki. "Mzee wangu, wewe hufanyi kazi karashani. Wewe ulisikia. Waambie."

Banda zima likamtazama. Akisema alisikia, mama anapona. Akisema alisikia, yeye ni mwanamume pekee anayesikia lugha ya wanawake na mbwa. Alilamba midomo.

"Sijasikia kitu," akasema.

"Muongo! Uliziba sikio!"

"Binti, nilijikuna."

Wengi wape. Alibaki baba. Mwenyekiti alimuuliza kama mume ana neno. Baba aliinuka akaisogelea spika, akaweka kiganja mbele yake, kama anavyokiweka kwenye pipa akisikiliza kama mawe yamekwisha kusagika. Mpaka leo naamini alijua. Mtu anayeishi kwa kusikiliza lazima ajue masikio yake yanapokwisha, na akikiri mbele ya wenzake kwamba hasikii, kesho nani atampa karasha aisikilize? Akaondoa kiganja.

"Hiki kitu kilikuwa kimya," akasema. "Hakuna sauti iliyotoka. Huyu mwanamke aende kwao."

Walimpa mpaka jua lizame. Nadhani walijiona wana huruma, kwa sababu hawakuchoma nyumba. Mama alifunga nguo zake kwenye khanga moja, na kaka akaenda kutafuta pikipiki ya kumpeleka Kahama apande basi. Nilimfuata chumbani, nikamwambia mama nisamehe, mama nitarudi na daktari, mama nitawashtaki. Hakunipigia kelele. Hakuwahi kujua namna.

"Walikuwa hawana ushahidi, mayu," akasema huku akikaza fundo. "Umewaletea."

Kisha akaniuliza kama Songwa nako watasikia habari hii. Wote wawili tulimjua yule jirani wa zamani na tulijua alivyokwisha. Alipanda pikipiki kiupande, fundo mapajani, akawaaga wanawake wenzake kwa sauti yake ile ile, nao hawakumwitikia, na wao walimsikia vizuri kabisa.

Nilirudi bandani kuchukua spika ya watu. Baba alikuwa amekaa peke yake kwenye kiroba, wenzake wanne pembeni wanakunja turubai. Nilikuwa nimekuja na matusi tayari mdomoni. Lakini nilipomwona alivyokaa, mikono imening'inia, hasira iliniisha yote mara moja, nikahisi huzuni niliyokuwa sijawahi kuihisi kwa ajili yake. Nikapiga goti kama nilivyofundishwa. Nikainamisha kichwa. Nikamwambia polepole, bila maiki, bila kupayuka, kwamba baba, najua ulijua, hujachelewa, mfuate mkeo kabla basi halijaondoka.

Alinitazama mdomo. Alinitazama mdomo muda mrefu, na uso wake ukabadilika, ukawa ule niliokuwa nikiuona jioni mama akileta maji ya kunawa.

"Nawe umeanza?" akasema kwa sauti kubwa. "Unanong'ona nini?"

Wale wanne wakaacha turubai, wakageuka kunitazama.